Mbegu Juu ya Moto

Mimi nilikwenda chuo kusoma fizikia. Naanza na hilo ili ieleweke nilikuwa na hasira ya namna gani siku ratiba ya mwaka wa pili ilipobandikwa ukutani, nikakuta somo jipya la lazima, linaitwa Sayansi Unganishi, na mbele yake majina ya walimu watatu: mmoja wa kemia, mmoja wa biolojia, mmoja wa kwetu. Walimu watatu, kipindi kimoja! Mimi nimezaliwa Tunduma, baba yangu mzee Othmani anasafirisha mizigo kwenda Zambia, na tangu utotoni najua kwamba ukiona watu watatu wamelizunguka lori moja wakikuna videvu, basi huo mzigo leo hauvuki.

Chuo chenyewe kiko nje kidogo ya Vwawa, kipya, hata miti ya kivuli bado iko kiunoni mwa mtu. Mwalimu mkuu wa somo hilo alikuwa Dokta Anyosisye, mama wa biolojia, mfupi, sauti ya chini. Ukikaa nyuma humsikii, kwa hiyo wote tulikaa mbele kama watoto wa chekechea. Siku ya kwanza hakuandika kitu ubaoni. Alisema tutagawanywa watatu watatu, kila mmoja na fani yake, na kila kundi litaleta swali kutoka nyumbani kwa mmoja wao.

"Swali la kweli," akasema. "Linalomkosesha mtu usingizi. Sitaki swali la kwenye kitabu."

Kisha akatoa masharti ya mtihani, na hapo ndipo darasa lilipoguna. Mtihani haufanyiki ukumbini. Unafanyika uani kwa mwenye swali, mbele yake, kwa maneno anayoyaelewa yeye. Na hakuna anayeruhusiwa kuelezea fani yake mwenyewe. Mwenye fizikia ataelezea mambo ya biolojia, mwenye biolojia ataelezea kemia, hivyo hivyo.

Jofrey, kijana wa Mlowo ambaye hajawahi kukaa kimya tangu anyonyeshwe, akanyoosha mkono. "Dokta, samahani, sasa mimi hii kemia nimeisoma ya nini?"

"Ya kumfundisha mwenzako," akajibu Dokta Anyosisye.

Mwenzake nilikuwa mimi. Wa tatu wetu alikuwa Ikupa, msichana wa Isansa, biolojia, mpole mpaka anakera. Tulikaa chini ya ngazi za maabara kutafuta swali. Mimi nikataka breki za malori, kwa nini zinashika moto kwenye mteremko. Jofrey akataka harufu ya ghala la baba yake. Tulibishana vizuri sana, na katikati ya mabishano Ikupa akasema, bila kuinua macho, "Nyumbani kuna mbegu za kahawa hazioti."

"Si wapande nyingine?" nikasema. Ndivyo nilivyo, mdomo unatangulia.

Ikupa akatuelezea taratibu. Nyuma ya nyumba yao kuna mibuni mizee aliyoipanda babu yake, marehemu Ambilikile. Watu wengine kijijini huchukua miche kwenye kitalu cha kikundi, lakini babu alikuwa akiotesha mwenyewe, kwa mikono yake, bila kumweleza mtu. Alipofariki, bibi yake Ikupa, Bibi Ketrina, akaazimia kwamba mibuni ile haitapotea. Kila msimu anachagua matunda mekundu, anayamenya, anayaosha, anahifadhi mbegu mpaka mvua za Novemba, kisha anampa mama yake Ikupa azipande kwenye kitalu, kwa sababu mgongo wake bibi hauinami tena. Msimu wa kwanza hakikuota kitu. Wa pili vivyo hivyo, na wa tatu.

"Sasa bibi anasema ni mkono wa mama," Ikupa akasema. "Anasema mkono wake hauoteshi."

Jofrey akacheka, akadhani ni utani. Ikupa hakucheka. Mama yake, Felista, ni Mnamwanga aliyeolewa kwa Wanyiha hawa, na maneno ya mama mkwe yalikwisha kutoka uani yakafika shambani. Wanawake wa pale hualikana kupandiana mahindi, leo kwa huyu, kesho kwa yule. Felista hakualikwa tena. Hata kwenye shamba la nyumba yake alikatazwa kushika mbegu. Anaruhusiwa kulima, kupalilia, kubeba na kupika.

"Lakini zamani si alipanda mahindi yakaota?" nikauliza.

"Yaliota miaka yote. Nani anakumbuka?"

Jioni ile, mimi na Ikupa tukienda bwenini peke yetu, akaniambia lililobaki. Mama yake alikuwa ameanza kupunguza vitu vyake, gauni hili kampa jirani, sufuria ile kairudisha kwa dada yake. Amesema ukipita msimu mwingine amekaa pembeni ya shamba wenzake wanapanda, atarudi kwao Momba na hatagombana na mtu. Baba yake Ikupa ni dereva, haonekani nyumbani, na akionekana anaogopa kumkosea mama yake na anaogopa kumkosea mkewe, kwa hiyo anatengeneza baiskeli. Nilimwonea Ikupa huruma, na nikajionea aibu kwa ajili ya breki zangu.

Tulikwenda Isansa Novemba hiyo hiyo, mvua za kwanza zimeshanyesha. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia Bibi Ketrina, nikashindwa. Alitupokea kwa furaha, akanishika mikono yote miwili, akaniuliza baba na mama hawajambo huko mpakani, akaniambia chakula chao hakina nguruwe kwa hiyo nisiwe na wasiwasi. Kisha akatuingiza jikoni atuonyeshe utajiri wake.

Jiko lao ni nyumba ndogo ya peke yake, la kuni, na juu ya mafiga kuna dari la miti lililokuwa jeusi tii kwa moshi wa miaka. Huko juu yalining'inia mahindi ya mbegu, yamefungwa mafungu mafungu kwa maganda yake. Fukusi hawagusi, bibi akasema, hata wale dumuzi wanaoitwa skania hawagusi. Kata nzima inajua mbegu ya Bibi Ketrina, mpaka watu wa Igamba wanakuja kuomba. Alipokuwa akieleza, uso wake ulikuwa wa mtu anayekuonyesha wajukuu.

Na katikati ya mahindi, mahali pazuri kuliko pote, palipo juu ya moto kabisa, kilining'inia kibuyu.

"Humu ni mbegu za mzee," akasema. "Sijazitoa mwaka huu. Nasubiri nipate mtu mwenye mkono."

Felista alikuwepo hapo hapo, amechuchumaa akichochea kuni, na alisikia. Tulipoomba mbegu kidogo za kwenda kupima chuoni, aliinuka upesi akaleta sahani, akapiga goti kuzipokelea. Bibi akaichukua ile sahani mikononi mwa Felista, akampa Jofrey aishike, ndipo akamimina mbegu. Hakuwa na ukali wowote; alifanya kama mtu anavyomwondolea mtoto kisu. Felista akarudi kwenye kuni zake. Mimi hasira zilinipanda, nikageuka kuhesabu mahindi ya darini.

Kabla hatujaondoka nilimwomba ruhusa bibi, nikapachika kipimajoto pale kilipokuwa kibuyu, ugali ukisongwa chini yake. Niliposoma namba, kubwa kuliko nilivyotarajia, nilimtazama Ikupa na yeye akanitazama. Nyuma ya nyumba mibuni ilikuwa bado na matunda ya mwishomwisho, machache, yamejificha kwenye majani. Tukachuma na hayo.

Chuoni tulitengeneza masanduku mawili ya udongo uleule, maji yaleyale, dirisha lilelile. La kwanza tukapanda mbegu za kwenye kibuyu. La pili tukapanda mbegu za matunda tuliyochuma, baada ya kuzikausha kivulini kidogo tu. Kahawa haina haraka, inachukua wiki nyingi kujitokeza, na wiki hizo ndizo zilizonibadilisha, ingawa sikumwambia mtu. Jofrey alinifundisha jinsi ya kujua mbegu imebeba maji kiasi gani: unaipima uzito, unaikausha kwenye oveni, unaipima tena. Mimi nilimfundisha Jofrey safari ya joto, linavyopanda na moshi, linavyokwama darini. Yeye kila kitu aliita nishati. Alipojikwaa mlangoni akasema ni nishati. Ikupa alinipasulia mbegu kwa wembe, akanionyesha kiini chake kilicho kidogo kuliko ncha ya kalamu, akanifundisha kutofautisha kilicho hai na kilichokufa. Vya kwenye kibuyu vilikuwa vya kahawia, kimoja baada ya kingine.

Sanduku la pili lilianza kuchomoza baada ya mwaka mpya. Kila mche ulitoka udongoni umebeba punje yake kichwani, kama mama anayetoka sokoni. Sanduku la kwanza udongo wake ulibaki umetulia.

Kwa hiyo jibu tulikuwa nalo, na lilikuwa rahisi la kutisha. Mbegu ya mahindi ukiikausha inalala, ukiimwagia maji inaamka. Mbegu ya kahawa ukiikausha hivyo inakufa. Bibi aliichukua heshima yote aliyoipa mahindi akaipa kahawa ya mumewe, akaitundika mahali pa heshima, na kila siku iliyopikwa ugali mbegu zikaendelea kufa. Felista alikuwa akipanda maiti.

Jofrey ndiye aliyeanza kuogopa. "Tukamwambie bibi wa watu kwamba ni yeye? Mbele ya maticha watatu? Oya, tuseme tu hali ya hewa. Siku hizi kila kitu ni hali ya hewa."

Nakiri nilivutiwa. Sehemu ya biolojia ilikuwa yangu kwa mujibu wa masharti. Jofrey angeeleza joto, Ikupa angeeleza maji, na mimi, mtoto wa Tunduma nisiyejua Kinyiha hata cha kuombea chumvi, ningetamka neno la mwisho.

"Tukisema hali ya hewa," Ikupa akasema, "aliyezipanda bado ni mama."

Tukaenda kwa Dokta Anyosisye kumwomba atubadilishie, angalau Ikupa amweleze bibi yake mwenyewe. Alitusikiliza mpaka mwisho. "Ikupa akisema, atakuwa ni mtoto anayemtetea mama yake," akasema. "Nani atamwamini? Wewe huna upande." Kisha akanitazama kidogo. "Na punguza ukali, Raudha. Unayemwendea hajamkosea mtu kwa makusudi."

Usiku wa kuamkia siku ya mtihani nilijaribu maneno yangu mbele ya kioo mpaka mwenzangu wa chumbani akaniuliza kama nimepata mchumba.

Ilikuwa Februari, mvua imenyesha asubuhi, uani kunateleza. Walimu watatu waliketi kwenye benchi moja, viatu vimejaa udongo mwekundu. Bibi Ketrina alikaa kwenye kigoda chake, amefunga kitambaa cha kanisani kichwani, maana aliambiwa wageni wa chuo wanakuja kwa ajili ya mbegu za mumewe na yeye aliliona hilo kuwa jambo kubwa. Felista alikuwa mlangoni mwa jiko, sufuria ya maharage ikitokota nyuma yake. Hakuna aliyemwita akae nasi.

Jofrey alianza na joto. Hakutaja nishati hata mara moja. Alieleza kwamba joto na moshi hupanda pamoja, na kwamba pale darini panapata joto kuliko tunavyodhani tukiwa chini. Bibi akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Ndiyo sababu wadudu hawakai," akasema.

Ikupa akaeleza maji. Alisema kila mbegu hata ikionekana kavu ina maji yake ndani, na za kibuyuni zimebaki karibu bila kitu. Bibi bado akawa anatikisa kichwa. Hakuwa ameona tunakokwenda.

Nikasimama. Niliweka sanduku letu la kwanza miguuni pake, kisha la pili. Alipoiona ile miche, punje vichwani, aliinama zaidi ya mgongo wake unavyoruhusu.

"Hizi za wapi?"

"Za mzee, bibi. Za mibuni ya hapo nyuma. Hatukuziweka juu ya moto."

Nikamwambia kwamba mahindi yake ni mazuri kwa sababu anayajua, na kwamba mbegu ya mahindi imeumbwa ivumilie ukavu. Ya kahawa haikuumbwa hivyo. Inataka kivuli, na inataka ipandwe mapema, maji yake yakiwa bado ndani. Ikikaa darini mpaka Novemba inakufa. "Hizi za kibuyu zilikuwa zimeshakufa kabla hazijafika kitaluni, bibi. Za mwaka huu, na za miaka ile mingine. Aliyezipanda, awe nani, zisingeota. Hata babu angezipanda yeye."

Kuku walikuwa wakiparua udongo. Mwalimu wetu wa fizikia alikuwa anaangalia viatu vyake.

"Kwa hiyo ziliuawa na nini?" bibi akauliza.

"Moto, bibi." Hilo ndilo neno nililolichagua mbele ya kioo, kwa sababu halikuwa na mwenyewe.

Bibi Ketrina akanitazama. Macho yake hayakuwa mabaya, lakini hayakuniachia njia. "Moto hauna mikono, mjukuu wangu."

Kabla sijafungua mdomo, Felista akatoka mlangoni. Alikuja mpaka mbele ya mama mkwe wake, akapiga goti kwenye tope lile lile, upande wa khanga ukalowa.

"Moto nilikuwa nauwasha mimi, mama," akasema. "Nilikuwa nachochea kuni nyingi. Wageni wasikufikirie vibaya. Ni mimi."

Nilihisi kama nimepigwa kofi. Tumehangaika miezi yote ile kumtua mzigo, na umetoka mgongoni dakika hii hii, na yeye anainama kuuokota. Ikupa akafunika uso. Jofrey akafungua mdomo, na Dokta Anyosisye akamgusa goti kwamba anyamaze.

Bibi Ketrina alimtazama mkwewe. Sijui alikuwa anaona nini. Labda sahani, labda zile asubuhi za kupanda ambapo huyu mwanamke alikaa pembeni ya shamba akilinda maji ya kunywa ya wenzake.

"Moto ulikuwa wa ugali," akasema mwishowe, kwa Kiswahili, polepole, kusudi sisi wageni wote tusikie. "Ugali nilikula mimi. Kibuyu nilikitundika mimi."

Kisha akaendelea kwa Kinyiha, sauti ya chini, maneno machache. Akalisukuma lile sanduku la miche kwa mguu mpaka likagusa magoti ya Felista. Felista hakuligusa. Alikaa vile vile amepiga goti, anaitazama miche.

Mwalimu wa kemia alitakiwa kuuliza maswali. Alitoa leso akajipangusa pua na kusema mvua inarudi.

Nilimvuta Ikupa pembeni, karibu na tanki la maji. "Kasema nini? Kamwomba msamaha?"

Ikupa alikuwa analia, hata hajifichi. "Hapana," akasema. "Kamwomba ampandie."